Mlima Umeandikwa, Mtaa Je? Uhakiki wa Historia za Kasese na Bwera

Mwandishi atakaye kutueleza habari za Kasese huanza na theluji. Hupanda kwanza hadi kilele cha Margherita, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari. Hutupa majina ya Wazungu waliopita. Kisha hushuka kwenye habari za wafalme na vita, na hapo hufunga kitabu. Mji wenyewe, wenye stesheni, soko, makanisa, misikiti, kota za wafanyakazi na vichochoro vya nyuma ya maduka, hupewa kurasa mbili tatu, kana kwamba ni mahali pa kulala usiku mmoja kabla ya kupanda mlima. Katika makala hii twakusudia kuyahakiki maandishi ya namna hiyo, na kuonyesha hasara aipatayo msomaji, na hasa mwalimu wa Kiswahili, kwa kukosa historia ya mitaa ya Kasese na ya Bwera.

Huenda mwenzetu akauliza: mwalimu wa lugha ana nini na historia ya mitaa? Jibu letu ni hili. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Basi mwalimu wa Bwera anaingia darasani na kitabu chenye mifano ya jahazi, minazi na bandari, akiwafundisha watoto ambao hawajaiona bahari, lakini ambao wamekisikia Kiswahili sokoni tangu wakibebwa mgongoni. Mwalimu asiyejua kilifikaje sokoni humo atawafundisha watoto lugha yao kana kwamba ni lugha ya wageni.

Tuanze na vitabu vya mlima. Kilicho mashuhuri miongoni mwavyo ni kile cha Tom Stacey, mwandishi wa habari wa Kiingereza, kiitwacho Summons to Ruwenzori, kilichotolewa mwaka 1965, ambacho alikifuatishia kingine, Tribe, mwaka 2003. Stacey alitembea milimani katika miaka ya 1950 pamoja na Isaya Mukirane, na mwaka 1963 akarudi kwa ombi la serikali ya Obote ili ajaribu kuleta suluhu kati yake na watu wa Rwenzururu. Hatumnyimi haki yake. Aliwasikiliza Wakonzo wakati ambapo wakubwa wengi hawakuwa na haja ya kuwasikiliza, na bila yeye mengi ya siku zile yangalipotea. Lakini jina la kitabu lenyewe linatuelekeza macho juu. Mwito watoka mlimani, naye mwandishi auitikia kwa kupanda. Aliyebaki chini akipanga foleni ya mshahara, au akiuza chumvi, au akisafisha bogi za treni, hakuwa sehemu ya mwito huo.

Jambo la ajabu ni kwamba vuguvugu lote la Rwenzururu lilianza kwa utafiti wa historia. Katika miaka ya 1950 Mukirane, aliyekuwa mwalimu, alianzisha chama cha kutafiti maisha na historia ya Wakonzo. Walikusanya habari za ukoo, mila na madhila, pamoja na kumbukumbu za Nyamutswa na wenzake walioasi na kunyongwa mwaka 1921. Kutoka katika utafiti huo likatoka dai la wilaya; wajumbe wa Wakonzo na Waamba wakatoka katika baraza la Toro; na tarehe 30 Juni 1962 ikatangazwa Rwenzururu huru. Hivyo asiseme mtu kwamba historia ya mahali ni mchezo wa watoto au mapambo ya siku ya wazazi. Huku kwetu karatasi za mwalimu mmoja zilizaa dola milimani, nayo ilidumu msituni hadi mapatano ya mwaka 1982.

Kwa hiyo twalaumu jambo moja hasa katika maandishi yaliyofuata, yawe ya wageni au ya wenyeji. Yameipokea historia jinsi ilivyotakiwa na siasa za wakati ule: historia ya taifa moja, mlima mmoja na kiti kimoja. Hatusemi kwamba dai lile halikuwa la haki. Dhuluma za utawala wa Toro zilikuwa za kweli. Twasema kwamba chombo kilichotengenezwa kwa kudai haki hakitoshi kuelezea mji. Kasese haikuwa ya taifa moja hata siku moja. Wamo Wakonzo, Wasongora, Wanyabindi, Watoro, Wakiga na wengineo walioletwa na kazi. Mji wa namna hiyo ukiandikwa kama ukoo, wengine wote wanageuka wapangaji katika historia yao wenyewe. Tarehe 26 na 27 Novemba 2016, jeshi na polisi waliposhambulia jumba la mfalme mjini Kasese na watu zaidi ya 100 wakafa, nchi nzima iliona jinsi jambo hili lilivyo zito. Wale waliokufa walikuwa na nyumba na majirani. Na jirani huonekana katika historia ya mtaa kabla ya kuonekana katika historia ya kiti.

Aina ya pili ya maandishi ni vijitabu vya jubilei vya makanisa. Hivi hupatikana kwa urahisi kuliko vitabu vya Stacey, na mara nyingi ndivyo pekee vilivyomo katika nyumba ya mwanafunzi. Sifa yao ni kwamba hutaja vijiji na vigango, makatekista, na mwaka ambao bati la kwanza lilipigiliwa msumari. Hayo ndiyo mambo ambayo vitabu vikubwa huyapuuza. Kasoro yao ni kwamba kila jambo hushuka kutoka mbinguni bila kupita duniani. Jimbo huundwa kwa kuwa waumini waliongezeka, askofu hufika, shangwe hupigwa, basi.

Hebu msomaji aziweke tarehe tatu kando kwa kando. Mwaka 1974 wilaya ya Rwenzori, ambayo baadaye iliitwa Kasese, ilikatwa kutoka Toro. Mwaka 1984 ikaundwa dayosisi ya Kianglikana ya South Rwenzori, ikitoka katika dayosisi ya Ruwenzori yenye makao yake Fort Portal. Mwaka 1989 likaundwa jimbo Katoliki la Kasese, likitoka katika jimbo la Fort Portal. Serikali, Waanglikana na Wakatoliki, kila mmoja kwa njia yake na kwa sababu zake, walipitisha kisu karibu mahali pale pale. Kanisa lilikuja kwa Wakonzo kupitia Fort Portal, ambako mapadre wa White Fathers walifungua misheni ya Virika mwaka 1895, na ambako Apolo Kivebulaya alipitia alipokuwa akienda Mboga. Pamoja na Injili ilikuja lugha ya Kitoro, katika vitabu vya sala na katika shule. Mkonzo alimwomba Mungu kwa lugha ya mtawala wake. Hivyo kanisa kuu la Kasese lilipopata kiti cha askofu, jambo lilikuwa la imani, lakini pia lilikuwa la lugha. Kijitabu kisichosema hivyo hakijasema uongo. Kimeacha tu sababu nje ya mlango, nasi twajiuliza watoto wataipata wapi.

Sasa tuingie mjini wenyewe. Kasese ya leo haikuzaliwa na mlima. Ilizaliwa na reli na shaba. Reli kutoka Kampala, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 300, ilifika Kasese mwaka 1956, na mwaka huo huo mgodi wa Kilembe, uliopo bondeni mwa mto Nyamwamba juu kidogo ya mji, ukaanza kutoa shaba. Shaba ilishushwa Kasese, ikapakiwa katika mabehewa, ikapelekwa Jinja kuyeyushwa. Mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1982, zaidi ya tani 200,000 za shaba zilikuwa zimetoka bondeni humo. Palipokuwa na nyika ya wafugaji pakawa na stesheni, depo, maduka, na watu wa makabila ambayo hayakuwa yamewahi kukutana. Msimamizi na mchimbaji, karani na dereva, fundi wa reli na mpishi: hao wote walihitaji lugha moja ya kazini, na lugha hiyo, kwa sehemu kubwa, ilikuwa Kiswahili.

Mji huu umejiandika wenyewe katika majina yake, lakini wahakiki hawajausoma. Kuna Mtaa wa Stanley, na kuna Mtaa wa Margherita. Kuna kata iitwayo Railway, na nyingine iitwayo Base Camp. Bonde la juu ni Bulembia, na ndani zaidi ni Kyanjuki. Msomaji akitembea kutoka jina hadi jina, amepita katika tabaka nne za historia: mpelelezi, malkia wa Italia aliyepewa kilele na Duke wa Abruzzi mwaka 1906, kampuni na kambi zake, na hatimaye wenye nchi, ambao majina yao yamesalia huko bondeni.

Tulitazame jina la Stanley peke yake. Alipita nyanda hizi mwaka 1889, akizunguka mlima kutoka bonde la Semliki, hadi Katwe kwenye ziwa la chumvi, akielekea pwani. Watu wake wengi walikuwa wameandikwa Unguja mwaka 1887. Kwa hiyo Kiswahili kilipita hapa miaka 67 kabla ya reli, kikiwa kimebebwa kichwani pamoja na mizigo. Miaka miwili baada ya msafara ule, Lugard alijenga ngome Katwe kuilinda chumvi, akiwa na askari wa Kisudani na Waswahili. Mtaa umempa Stanley kibao. Wapagazi wameachiwa lugha tu. Twadhani hilo ni somo zuri la darasa la Kiswahili kuliko orodha ya ngeli peke yake: muulize mwanafunzi ni nani anayeachiwa jina, na ni nani anayeachiwa maneno.

Treni za abiria zilikoma mwishoni mwa miaka ya 1990, na nyasi zimeota kati ya reli. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika, ukabomoa nyumba za Kilembe na kuiharibu hospitali ya mgodi; mwaka 2020 ukafurika tena. Kijana aliyeshuka mgodini akiwa na miaka ishirini mwaka ule wa 1956 sasa, kama yu hai, amepita miaka themanini. Vitabu vya mlima vyaweza kungoja. Mlima hauendi popote. Historia ya kota yaweza kuchukuliwa na maji kwa siku moja, au na homa kwa usiku mmoja.

Tukitoka Kasese kuelekea kusini, twaipita njia panda ya Kikorongo, twapinda magharibi, na baada ya safari ya zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini twafika Bwera, na mbele yake Mpondwe, na mto Lhubiriha ambao ng'ambo yake ni Kasindi ya Kongo. Hapa hali ni nyingine kabisa, na kosa la waandishi wengi ni kuitazama Bwera kama mkia wa Kasese. Bwera haikuzaliwa na kampuni. Mpaka ndio uliougeuza mji huu kuwa jinsi ulivyo. Mwaka 1910 Waingereza na Wabelgiji walipatana juu ya mstari, na watu wa lugha moja wakawa wawili: huku Wakonzo, kule Wanande. Lakini mpaka uliowagawanya ndio uliowapa kazi. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, maelfu ya watu huvuka, wengine na kahawa, wengine na samaki, wengine na vitenge.

Na Kiswahili cha hapa hakikutoka kwenye reli. Kimetoka magharibi, kutoka Beni na Butembo, kwa njia ya biashara na ya ndugu kwa ndugu. Ndiyo maana muuza mboga wa Mpondwe atakuuzia sombe, wala si kisamvu. Atakutajia bei kwa franga. Na maji yake huenda yakawa mayi. Mwalimu aliyesomea chuo huyasikia hayo, akainua kalamu nyekundu. Twamwomba aishushe kidogo. Katika insha ya mtihani, ndiyo, mtoto na aandike maji, kwani mtihani una lugha yake na hatutaki mtoto apoteze alama. Lakini neno sombe si kosa, ni ushahidi. Latuambia bidhaa ilitoka wapi, nani aliiuza, na kwa lugha ya nani. Mwanahistoria wa Bwera akilifuta, amefuta nusu ya mji.

Lipo neno jingine lenye uzito zaidi: magendo. Katika miaka ya 1970, thamani ya fedha za Uganda ilipoanguka, kahawa ya mlimani ilivuka usiku kwenda Zaire, kama Kongo ilivyoitwa tangu mwaka 1971 hadi mwaka 1997. Neno hilo la Kiswahili likaenea Uganda nzima, hata wachumi wakaliandika katika vitabu vyao vya Kiingereza bila kulitafsiri. Mtu angetazamia kwamba kitabu cha historia ya Bwera kingeanza na neno hilo. Lakini waandishi wa wilaya huona haya kulitaja, kwani si jambo la kujisifia. Twawauliza: karo za shule ngapi zililipwa na kahawa ile? Historia inayosimulia tu yale ya kujisifia ni hotuba, wala si historia.

Yapo pia ya kuliliwa. Mwezi Juni 2019 ugonjwa wa Ebola ulivuka mpaka na kufikia hospitali ya Bwera, mahali ambapo onyo la afya halina budi kueleweka pande zote mbili siku hiyo hiyo. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapo Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Magazeti ya dunia yaliandika kwa juma moja, yakaondoka. Ni nani atakayeandika mtaa ule ulikuwaje kabla ya usiku huo, na umekuwaje baadaye? Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mwandishi anayepita akielekea mlimani.

Kufikia hapa yafaa tujihadhari wenyewe, kwani mpenzi wa lugha huwa na upofu wake. Tusije tukaandika historia ya Kasese kama kwamba Kiswahili kilikuja kama mvua ya neema. Kilikuja pia na bunduki. Mwafrika wa Uganda alikisikia kutoka kinywani mwa askari wa Lugard, na baadaye kutoka kinywani mwa askari wa Amin, ambaye mwaka 1973 alikitangaza kuwa lugha ya taifa, huku watu wakipotea usiku. Mwaka 1979 kilikuja tena na majeshi ya Tanzania, ambayo Waganda waliyaita Wakombozi. Mzee anayekunja uso akisikia Kiswahili si mjinga; anakumbuka. Mhakiki anayemwita mzee huyo mshamba amefanya kosa lile lile la mpanda mlima: amepita juu ya kichwa cha mwenyeji. Lililo haki ni kuyaandika yote mawili, lugha ya amri na lugha ya soko, kwani katika mitaa hii zilikaa nyumba moja.

Je, tufanyeje? Hatupendi kuvunja pasipo kujenga. Twapendekeza kwa walimu wenzetu wa Kasese, Kilembe, Kisinga na Bwera kazi tatu. Kwanza, kila darasa la juu lichore ramani ya mtaa mmoja, na kando ya kila jina liandike maana yake, lugha yake, na jina la zamani ikiwa wazee wanalikumbuka. Pili, wanafunzi wakusanye maneno ya kazi kutoka kwa waliofanya kazi mgodini, relini, Katwe kwenye chumvi na Mpondwe sokoni, wakiyaandika kama yalivyosemwa, bila kuyanyoosha. Tatu, vijitabu vya makanisa na vya misikiti visomwe darasani kama maandishi ya kuhakikiwa: kimesema nini, kimeacha nini, na kwa nini. Mkusanyaji asimwulize mzee kabila lake kwanza. Amwulize alikaa nyumba ipi na jirani yake alikuwa nani. Swali la kwanza hufunga milango mingi katika wilaya hii. La pili hufungua.

Tena, kazi hiyo iandikwe kwa Kiswahili, na nakala moja iandikwe kwa Kikonzo. Hatusemi Kiswahili kichukue nafasi ya lugha ya mama. Watu waliokwisha kulazimishwa kusali kwa lugha ya jirani wasilazimishwe tena. Twasema tu kwamba kati ya lugha zote za mji huu, Kiswahili ndicho kisicho na kiti cha kifalme cha kukigombania. Mkonzo, Msongora, Mkiga na Mkongomani wanaweza kuandika humo pasipo mmoja kuwa mgeni wa mwingine.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vitabu tulivyovitaja vimesimama wima, macho yakitazama theluji, na walivyoviona kwa kusimama hivyo tumevipokea kwa shukrani. Vilivyobaki viko chini: katika kota za Kilembe, katika stesheni isiyo na treni, na katika soko la Mpondwe siku ya Ijumaa. Kwa kazi hiyo mwalimu wa Kiswahili hahitaji ruzuku wala kibali cha mtaalamu; anahitaji daftari, na wanafunzi walio tayari kumsikiliza mzee mpaka amalize.